Mkono Wako Usimwazime Mtu

Vijana wangu mnaofunga mkanda kila jioni Buyenzi, Bwiza, Ngagara, Musaga na kule Kamenge, kuna neno nataka mlishike kabla hamjajifunza teke lingine. Mkono uliofundishwa usimwazime mtu. Mtaombwa. Katika mji huu wa Bujumbura kijana akishajulikana mtaani kwamba anajua kupiga, hakupiti muda mrefu kabla hajatafutwa, na anayemtafuta haji na sura ya adui. Huja na salamu nzuri, humwita shujaa, humnunulia soda na brosheti, kisha husema ana kazi ndogo. Nataka niwaeleze kwa nini kazi hiyo muikatae, na nitaanzia mbali, kwa wazee wa karate wa kisiwa cha Okinawa. Mnainama mbele ya picha zao kabla na baada ya mazoezi. Ni haki yenu kujua walipitia nini.

Kwanza iacheni hadithi ya filamu. Wengi wenu mmeambiwa karate ilibuniwa na wakulima masikini walionyang'anywa silaha, wakajifunza kuwaangusha mabwana zao kwa ngumi. Inapendeza masikioni, lakini wazee tunaowajua kwa majina hawakuwa watu hao. Okinawa ilikuwa kitovu cha ufalme mdogo wa Ryukyu, uliounganishwa mwaka 1429, na ufalme huo uliishi kwa merikebu: ulifanya biashara na China, Japani, Korea na nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Wajumbe na wafanyabiashara wake walikaa Fuzhou, katika jimbo la Fujian, wakarudi na hariri, dawa na mbinu za kupigana mikono mitupu. Mwaka 1609 utawala wa Satsuma kutoka kusini mwa Japani uliuvamia ufalme, ukamwacha mfalme kwenye kiti chake na kuchukua kodi. Waliohifadhi ujuzi wa mkono walikuwa hasa watumishi wa ikulu ya Shuri. Matsumura Sokon aliwatumikia wafalme watatu, mmoja baada ya mwingine, akiwa mlinzi wao. Mwanafunzi wake Itosu Anko alikuwa karani wa ikulu, mtu wa kalamu na wino. Karate ya Shuri ilikulia mikononi mwa walinzi, na mlinzi mwema ni yule ambaye zamu yake inakwisha bila kelele.

Mwaka 1879 serikali ya Japani iliufuta ufalme wa Ryukyu na kumhamishia mfalme wake Tokyo. Fikirini hali ya Itosu. Nyumba aliyoitumikia imefungwa, cheo hakuna, lugha ya wenye amri mpya si lugha ya mama yake. Ujuzi aliokuwa nao ulifundishwa kwa siri, usiku, kwa mtu mmoja au wawili. Angeweza kufa nao. Badala yake, mwaka 1901, akiwa mzee wa miaka sabini hivi, aliingia nao katika shule ya msingi ya Shuri, mchana kweupe, akawafundisha watoto. Baadaye akafundisha katika Shule ya Kati ya Kwanza ya mkoa na katika chuo cha walimu. Akatunga kata tano za Pinan, yaani mifuatano ya miondoko iliyopangwa, ili mtoto apate mahali pa kuanzia. Ninyi wa mtindo wa Shotokan mnaziita Heian. Kila mnapozicheza mnatembea juu ya nyayo za karani aliyepoteza kazi.

Mwaka 1908 aliandika waraka wa mambo kumi kwa wakuu wa elimu. Humo anasema karate haikuwekwa kwa ajili ya kumshambulia mtu, na kwamba mwenye kuijua ajitahidi kuepuka kumuumiza hata jambazi. Anasema pia haina njia ya mkato: saa moja au mbili kila siku, kwa miaka mitatu au minne, ndipo mwili unaanza kubadilika. Hayo walimu wenu wamewaambia. Jambo la pili la waraka huo huenda hawakuwaambia, na mimi sitalificha, kwa sababu mzee anaheshimiwa zaidi akisomwa mzima. Itosu aliwaahidi wakubwa kwamba mtoto aliyefundishwa karate angekuwa askari mzuri. Pengine ndiyo ilikuwa bei ya kufunguliwa mlango wa shule. Aliyetawaliwa hujifunza kusema lugha anayoipenda mtawala, sisi Warundi hatuhitaji kuelezwa hilo. Lakini lishikeni neno hilo la askari, nitalirudia.

Upande wa bandarini, Naha, kulikuwa na mkondo mwingine. Higaonna Kanryo, aliyezaliwa mwaka 1853, alitoka katika familia iliyosafirisha kuni kwa mashua. Alivuka kwenda Fuzhou, akakaa huko miaka kadhaa kwa mwalimu wa Kichina, akarudi na kata ya Sanchin: kusimama, kupumua, kubana mwili, hatua chache mbele na chache nyuma. Kijana asiye na subira huiona haina maana. Higaonna aliwaweka wanafunzi wake kwenye Sanchin mpaka wengi wakaondoka, na mmoja wa waliobaki ni Miyagi Chojun, mtoto wa nyumba yenye mali, aliyeipa njia hiyo jina la Goju-ryu. Mtoto wa tajiri alikwenda kukaa chini ya mtoto wa mbeba kuni mpaka mwalimu wake alipofariki mwaka 1915. Ninalitaja hilo kwa sababu katika baadhi ya klabu zetu siku hizi naona mtoto wa tajiri wa Rohero hataki kufundishwa na fundi gari wa Buyenzi.

Sasa Funakoshi Gichin, ambaye picha yake iko katika kumbi nyingi kuliko mwingine yeyote. Alizaliwa Shuri mwaka 1868, mtoto mgonjwa mgonjwa ambaye nyumbani kwao hawakuwa na hakika kama angeishi. Rafiki yake wa shule alikuwa mtoto wa bwana Asato Anko, na Asato alikubali kumfundisha. Walifanya mazoezi usiku, uani. Kijana alikwenda na taa yake, akarudi alfajiri, na majirani waliomwona wakaamini anatoka kwenye nyumba za starehe. Hakuwajibu. Asato aliketi akiangalia, na neno lake kubwa lilikuwa kwamba arudie. Kata ileile, usiku baada ya usiku, mwezi baada ya mwezi, bila ruhusa ya kugusa nyingine. Funakoshi aliandika uzeeni kwamba kata tatu za Naihanchi peke yake zilimchukua miaka kumi. Ninyi mnaniuliza mkanda wa kahawia baada ya miezi sita.

Mchana alikuwa mwalimu wa shule, na kazi hiyo aliifanya kama miaka thelathini. Mwezi Mei 1922 alipelekwa Tokyo kuionyesha karate kwenye maonyesho ya elimu ya viungo. Alikuwa na miaka 53. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alimwalika aionyeshe katika ukumbi wake wa Kodokan, na ni kwa Kano huyohuyo karate iliazima kimono na utaratibu wa mikanda mnayoigombania. Funakoshi akabaki Tokyo. Mke wake alibaki Okinawa kutunza nyumba na makaburi ya wazazi. Mwalimu mkuu wa karate alilala katika bweni la wanafunzi wa Okinawa, na ili apate chakula alifagia bweni hilo, akalinda mlango wake, akatunza bustani. Jioni alifundisha. Hakusema kazi hiyo inamshushia heshima. Watu wengi hupenda kusimulia maonyesho ya Tokyo, mimi napenda ufagio ule zaidi.

Alikuwapo pia Motobu Choki, mtoto wa jamaa ya kifalme, aliyeujaribu ujuzi wake kwa kupigana kweli kweli katika vichochoro vya Naha. Miaka ya 1920 alimwangusha bondia mgeni mjini Kyoto, na jarida moja kubwa la Tokyo lilipoandika habari hiyo mwaka 1925 likachora sura ya Funakoshi badala yake. Najua wengi wenu mnampenda Motobu kuliko wote. Alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Lakini jiulizeni ni nani aliyeweza kumpeleka mtoto wake wa miaka minane kwa Motobu, na nani kwa Funakoshi. Karate ilienea duniani kwa sababu wazazi waliwaamini walimu.

Na sasa lile neno la askari. Miaka ya 1930 Japani ilikuwa imeshika njia ya vita. Vyuo vikuu vilikuwa na klabu za karate, na vijana wa klabu hizo walikuwa wa umri wa kuandikishwa. Mwaka 1936 mabingwa walikutana Naha wakakubali maandishi mapya ya jina la karate, yaliyoondoa kumbukumbu ya China, na mwaka uliofuata Japani ikaingia vitani na China hiyohiyo iliyomfundisha Higaonna. Vijana walikuja kumuaga Funakoshi, wakaenda, na wengi hawakurudi. Mwaka 1945 mabomu yaliteketeza ukumbi wake wa Tokyo, uliojengwa kwa michango ya wanafunzi. Mwaka huohuo alimpoteza mwanawe Gigo, aliyekuwa mkono wake wa kulia katika kufundisha, kwa kifua kikuu.

Okinawa ilikuwa mbaya zaidi. Jeshi la Marekani lilishuka kisiwani Aprili 1945, na jeshi la Japani lilikuwa limechimba makao yake chini ya ikulu ya Shuri, ileile aliyoilinda Matsumura. Ikulu ikawa kifusi. Wavulana wa shule, wa miaka 14 na kuendelea, walivalishwa sare na kupelekwa mstari wa mbele kubeba ujumbe na mabomu, na karibu nusu yao waliuawa. Wengine walitoka katika Shule ya Kati ya Kwanza ya Shuri. Someni tena juu kidogo: ndiyo shule aliyofundisha Itosu. Hakuna aliyewauliza kama wanajua Pinan. Shinzato Jin'an, ambaye Miyagi alimtegemea aje kuirithi Goju-ryu, alikufa katika vita hivyo. Miyagi alipoteza watoto na nyumba. Kyan Chotoku, bingwa mdogo wa umbo na mwepesi wa miguu, alivuka mabomu akiwa hai, kisha akafa kwa njaa na uchovu mwezi Septemba, bunduki zikiwa zimekwisha kunyamaza. Zaidi ya robo ya watu wa kisiwa waliangamia.

Wazee hao hawakuanzisha vita vile. Lakini ujuzi waliowalea nao watoto ulikuwa umeahidiwa kwa mtu mwingine tangu mwanzo, na mwenye ahadi alikuja kuidai.

Sihitaji kuwapeleka Okinawa ili mnielewe. Rais Ndadaye aliuawa Oktoba 1993, na miaka miwili iliyofuata mji huu ulikatwa vipande. Ngagara haikwenda Kamenge, Kamenge haikwenda Nyakabiga. Palikuwa na siku za mji kufungwa, mawe na matairi barabarani, na makundi ya vijana yenye majina ya kujisifu, Sans Échec upande mmoja, Intagoheka upande mwingine. Machi 1995 moto ulifika Bwiza na Buyenzi, watu wakabeba magodoro vichwani kukimbilia wasikokujua. Waliofanya kazi ile ya makundi walikuwa vijana kama ninyi. Wengi walikuwa wanamichezo. Mtu anayetaka kufunga barabara hawaendei wazee wenye mikongojo, huwaendea wenye mapafu na miguu.

Kwenye klabu tuliyofanyia mazoezi alikuja mtu jioni moja ya miaka hiyo. Alikaa nyuma akatazama somo mpaka mwisho, akapiga makofi. Kisha akamwambia mwalimu wetu anahitaji vijana wachache wenye miguu mizuri kwa ajili ya kulinda mtaa usiku, chakula kipo, viatu vipo. Neno kulinda ni tamu, nani asiyetaka kulinda kwao? Mwalimu alimuuliza jambo moja tu: atakayeamua nani apigwe ni nani? Yule mtu akacheka, akasema hayo yataelezwa baadaye. Mwalimu akamfungulia mlango. Lakini wapo waliomfuata nje, na mmoja wao alikuwa mwenzetu ambaye akisimama Sanchin hakuna aliyeweza kumsogeza. Alitumwa usiku kwenye mtaa ambao wiki chache nyuma alikuwa akienda kufanya mazoezi na marafiki. Mama yake hakupata hata mwili wa kuzika. Waliomtuma walikuja kuzeeka vizuri. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na katika miaka ile panzi tulikuwa sisi.

Swali la mwalimu wetu nawaachieni kama urithi. Litumieni kwa kila anayekuja, awe wa chama, wa biashara, wa mapenzi au wa ukoo. Anayeamua nani apigwe ni nani, na kosa lake litathibitishwa wapi? Mwenye shauri la haki atakujibu papo hapo. Mwingine atakuambia unauliza sana, na hapo umekwisha kupata jibu.

Msinielewe vibaya kuhusu kazi. Wengi wenu mtaajiriwa kuwa walinzi wa benki, maduka na nyumba, na ni kazi ya halali. Funakoshi mwenyewe alilinda mlango. Ila kuweni na mkataba, mjue jina la mkuu wenu na mipaka ya zamu yenu. Mlinzi wa duka analinda duka. Siku mwenye duka atakapokuambia uende ukamtishe mdeni wake nyumbani, hiyo si zamu yako tena, hata kama mshahara umechelewa na watoto wanataka kula. Najua ninachowaambia ni kigumu, kwa sababu njaa ya Bujumbura ninaijua. Bado nawaambia.

Na mtakapolazimika kupiga, kwa kuwa siku hiyo inaweza kuja, msiifanye hadithi ya kusimulia kwenye kinywaji. Baada ya vita Funakoshi, akiwa mzee wa karibu miaka themanini, aliviziwa usiku na mwizi aliyemrushia pigo la mwavuli. Mzee aliinama, akamshika mahali panapomuuma mwanamume kuliko pote, akamshikilia mpaka polisi akapita. Angeweza kujisifu. Aliandika kwamba alijionea aibu, kwa kuwa yule mtu huenda alikuwa askari aliyerudi hana kazi, na yeye alikuwa amefanya jambo analowakataza vijana. Mimi sidhani alikosea kujilinda. Lakini moyo ule wa kumfikiria hata mwizi aliyekupiga ndio ninaoutafuta katika vijana wetu na siuoni wa kutosha.

Kwetu pia iko mifano ya mkono usioazimwa. Wamisionari wa Xaveri walifungua Kituo cha Vijana Kamenge muda mfupi kabla ya vita vya hapa kwetu, wakakikusudia kwa vijana wa mitaa ya kaskazini, na miaka ambayo Kinama na Ngagara hazikusalimiana, vijana wa kila upande waliendelea kukutana humo kwa michezo na masomo. Mwaka 2002 kituo hicho kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Dar es Salaam, mwaka 1973, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha Goju-ryu katika shule ya Zanaki, na dojo lile likalea walimu ambao wamefundisha vizazi. Tazameni yanayofanana: shule, mlango wa wazi, kila mtu anaona kinachofundishwa.

Wasichana nao msiwaweke pembeni wawe wapiga makofi. Antoinette Gasongo aliiwakilisha Burundi kwenye judo katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Karate ilipoingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, Mwafrika aliyechukua dhahabu alikuwa mwanamke, Feryal Abdelaziz wa Misri. Zaidi ya medali, klabu yenye dada zenu ndani ni vigumu kuigeuza genge.

Kwa ninyi mnaokaribia kufunga mkanda mweusi na kufungua klabu zenu, nina machache ya kuwaagiza mfanye kesho. Msifundishe katika ua uliofungwa geti. Mkiandikisha, changanyeni mitaa: wa Musaga asimame jozi na wa Kinama, na msiwaulize watoto wao ni wa nani. Mwanasiasa akitoa vifaa, pokeeni kwa barua mbele ya wazazi, na fulana yenye picha yake isivaliwe mazoezini. Kila mwezi mtoe somo moja la historia, watoto wajue Itosu alikuwa nani na wavulana wa shule yake walifikia wapi. Na mzazi akija kuuliza mwanawe anafundishwa nini, mpeni kiti akae aangalie somo zima.